Pumba za Mahona

Mimi ni fundi wa mabango, jina langu Majidi. Nilizaliwa Tabora mjini, ufundi nikaupata kwa mjomba wangu, na kilichonileta Isalalo ni kuoa. Isalalo ni mji mdogo kati ya Igunga na Nzega. Mabasi ya Mwanza hupunguza mwendo pale kwa sababu ya tuta tu, wala si kwa sababu yetu.

Tuna mashine mbili kubwa za kukoboa mpunga, zinatazamana, barabara ikiwa katikati. Moja ni ya Mahona, mzee mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Ya pili ni ya shemeji yake, mke wa mdogo wake Festo, ambaye mji mzima unamwita Mama Kashindye kwa jina la mwanawe wa kwanza. Zamani wawili hao walikuwa na mashine moja. Siku moja mkanda wa mashine ukakatika, wakagombana ni nani aliyeukata, wakagawana mali. Festo mwenyewe alichukua ng'ombe wake akahamia bondeni, na ukimuuliza habari za mashine yeye anakujibu habari za mvua.

Mashine ya mpunga hutoa mchele upande mmoja, na upande wa pili hurusha pumba kwa bomba. Mabomba yote mawili yalielekezwa shule ya msingi, kwa kuwa upande wa shule hakutokei mteja. Pumba zikarundikana mpaka zikawa vilima viwili, na kiangazi upepo ukianza zilitembelea nyumba zote bila kubagua. Tulizoea. Mtu wa Isalalo ukimpa chai atapuliza juu ya kikombe hata kama chai imepoa.

Ndipo akaletwa Asmahani, afisa biashara mpya wa halmashauri. Alikuwa binti aliyetoka Tabora, nilikotoka mimi, mwembamba, mpole wa maneno, na ana tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize hata kama anachosema hakina maana. Wiki ile ile aliyofika aliitisha mkutano ofisi ya kata. Wenye mashine wakaja, mwalimu mkuu Erasmus akaja, na mimi nikaja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na duka langu linavuja.

"Serikali imeelekeza kila sekta ya viwanda ioneshe inawafanyia nini watu wanaoizunguka," Asmahani akasema. "Wa pamba, wa asali, wa tumbaku, wote. Hapa kwetu ni mchele. Kulipa ushuru na kufunga geti hakutoshi tena."

Mahona akasimama. "Afisa, mimi nawajibika tangu wewe hujazaliwa. Ni nani humu ndani hajala mchele wangu?"

"Waliununua, shemeji," Mama Kashindye akasema bila kumtazama.

"Nimesema wamekula. Habari za kununua sikuzitaja."

Asmahani akasubiri wakanyamaza. "Waliotangulia walikuja na faini. Mkalipa, wakaondoka, mambo yakabaki yalivyo. Mimi nimefikiri tuanze kwa kutiana moyo. Kampuni ikifanya jambo kwa ajili ya jamii, nitaiwekea bango pale pale, lenye jina la kampuni, na chini yake maneno haya: Halmashauri inatambua."

Neno bango lilipotajwa nilikaa vizuri kwenye benchi.

"Ukubwa gani?" Mahona akauliza.

"Ukubwa wa nini, mzee?"

"Wa bango."

Hapo ndipo neema yangu ilipoanzia. Kabla mwezi haujaisha Mahona alikuwa amejenga vyoo vya shule, vyenye vigae, na mimi nikaandika mlangoni: MCHELE WA MAHONA UNAJALI. HALMASHAURI INATAMBUA. Mama Kashindye alipopita akaviona, alijenga vyake mkabala, akatia na vioo. Watoto wakagawanyika. Ambao nyumbani kwao wanakoboa kwa Mahona waliingia kwa Mahona, wa Mama Kashindye wakaingia kwa Mama Kashindye, na aliyekosea mlango alizomewa mpaka anatoka.

Kisha wakahamia zahanati. Mahona alitoa kitanda, Mama Kashindye akatoa godoro la kitanda hicho hicho, na kila mmoja akataka jina lake lionekane hata mgonjwa akiwa amelala. Nilihangaika sana na kazi ile. Mwishowe jina la Mahona lilikaa miguuni na la Mama Kashindye kichwani, naye Mahona akadai mgonjwa ageuzwe.

Wakaingia uwanja wa mpira. Kila mmoja akatoa goli lenye nyavu mpya, nami nikaandika majina juu kwenye mlingoti. Hakuna aliyekumbuka kwamba uwanja wetu una mteremko. Mpira mwingi huishia upande wa chini, na upande wa chini ndio wa Mahona. Kila Jumapili mji ukawa unapiga kelele, "Mahona kafungwa tena." Alivumilia Jumapili kadhaa, halafu akaja dukani kwangu kuniuliza kama inawezekana uwanja ukageuzwa.

"Mzee, uwanja haugeuki."

"Basi jina. Liandike dogo, ila watu waendelee kutambua."

Kubwa kuliko yote lilikuwa jeneza la msikiti. La zamani lilikuwa limechakaa, kweli, na Mahona, ingawa yeye si Mwislamu, alichonga jipya la mninga, zuri hasa. Lakini ubavuni alitaka maneno. Nilimwambia, mzee, hili tuliache. Akasema ninamnyima haki yake ya kutambuliwa. Nikaandika kwa herufi nilizojitahidi ziwe za heshima: MAHONA. TUKO NAWE MPAKA MWISHO.

Sheikh Adinani alilipokea mlangoni kwa msikiti, akalisoma mara mbili.

"Mahona ndugu yangu, Mungu akulipe kheri," akasema. "Jeneza tumelipokea. Maneno tutayafuta."

"Basi yaandikwe chini yake, Sheikh. Juu pabaki safi."

"Chini atasoma nani?"

"Wanaobeba."

Sheikh aliniita, akanipa kopo la rangi ya kijani. Nilifuta pale pale, Mahona akiwa amesimama pembeni kama mtu anayechimbiwa shimo shambani kwake.

Asmahani mwanzoni alifurahi. Alipiga picha za vyoo, kitanda na magoli, akazipeleka juu, na juu wakapendezwa. Mkubwa wake akasema atakuja mwenyewe kuona sekta ya mchele ilivyoitikia wito. Siku ile tulifagia mji. Mahona na Mama Kashindye, kila mmoja kwa siri yake, waliamua mgeni asije akaona mashine zimelala. Waliwasha zote, zikanguruma tangu asubuhi.

Mgeni alikagua vyoo, akacheka kidogo alipojiona kwenye kioo, kisha akasema angependa kuwasalimia watoto darasani. Mwalimu Erasmus akatutangulia. Tukafungua mlango wa darasa la nne, na ndani kulikuwa giza kabisa. Madirisha yote yamefungwa, mengine yamezibwa kwa magunia. Mwalimu wa zamu alikuwa ubaoni na tochi ya simu mdomoni, anaandika hesabu, na watoto wanasoma kwa kufuata mwanga unakokwenda.

"Shikamoo mgeni wetu," giza likasema kwa pamoja.

"Marahaba," mgeni akajibu, akigeuka huku na huku kutafuta wa kumjibu. "Mwalimu, kwa nini msifungue madirisha?"

Erasmus ni mtu asiyependa kubishana. Alikwenda tu kwenye dirisha la karibu, akaondoa gunia. Pumba zikaingia kama zilizokuwa zinasubiri zamu. Watoto, bila kuambiwa, wakafunika madaftari kwa viwiko na kufumba macho. Erasmus akarudisha gunia, akapangusa nyusi.

"Ndiyo hivyo, mheshimiwa," akasema. "Vyoo ni vizuri sana. Wanafunzi wanapenda kukaa humo, kuna mwanga."

Mgeni hakumgombeza Asmahani mbele ya watu. Alimwambia tu, akiwa anapanda gari, "Umetambua mambo mengi, dada. Hili la pumba hukulitambua." Gari likaondoka, na Asmahani akabaki kwenye vumbi lake ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilimhurumia. Alikuwa na uso wa mtu aliyepika pilau ya shughuli akasahau chumvi, na wageni wote wakala kimya.

Alasiri ile ile alivuka kwenda kwa Mahona. Mimi nilikuwa juu ya ngazi napaka geti lake, nikasikia yote.

"Mzee Mahona, zile pumba zinawaumiza watoto. Bomba ligeuzwe, na pumba ziwekewe banda."

"Afisa, mimi nauza mchele. Pumba siuzi. Kitu nisichokiuza kinanihusu nini?"

"Zinatoka kwenye mashine yako."

"Zinatoka zikiwa zangu. Zikishafika kule ni za upepo. Halafu nyingi ni za shemeji."

Akavuka barabara kwa Mama Kashindye. Mama Kashindye alimpa kiti, akampa soda, akamwambia kwa upole kwamba pumba zake yeye ni nzito, hazipai, zinazopaa ni za Mahona.

Kesho yake asubuhi Asmahani alikuja dukani kwangu. Hakukaa.

"Kaka Majidi, nataka mabango mawili. Makubwa, ya kusomeka kutoka kwenye basi."

"Ya zawadi gani tena?"

"Nilikosea kidogo. Niliahidi kutambua kile ambacho kampuni inawapa majirani, nikawa naangalia vyoo tu. Wanawapa na kingine, tena kila siku." Akachukua chaki yangu, akaandika kwenye ubao wa kujaribia. Nilisoma, nikashuka kwenye kigoda.

"Afisa, una hakika?"

"Herufi nimekosea?"

"Herufi ziko sawa."

"Basi andika."

Jioni mabango yalikuwa yamesimama, moja kila kilima. La kwanza lilisema: PUMBA HIZI NI ZA MAHONA. HALMASHAURI INATAMBUA. La pili lilisema hivyo hivyo kwa jina la Mama Kashindye.

Sasa, msomaji anajua kama ninavyojua mimi kwamba mtu akiongea upuuzi tunasema anaongea pumba. Asmahani aliniapia hakulifikiria jambo hilo, na usoni alikuwa mkavu kama ubao, kwa hiyo sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba basi la kwanza lililofika kwenye tuta lilisimama kabisa. Abiria walishuka. Walipiga picha wakiwa wamelizunguka bango, wengine wamepiga magoti mbele kama wachezaji. Usiku haujaingia picha ilikuwa imefika Mwanza na kurudi. Sokoni, mtu akitaja bei ya juu aliambiwa hizo ni za Mahona, halmashauri inatambua. Kwenye kikao cha harusi, mjomba mmoja alipotoa ahadi kubwa mno, ukumbi mzima ukaguna, "Mahona."

Mahona alikuja kwangu akitweta.

"Majidi, ongeza neno."

"Neno gani?"

"Andika pumba za mpunga. Mtu asome aelewe ni za mpunga."

"Hilo ni bango la serikali, mzee. Siwezi kuligusa bila afisa."

"Jeneza uliligusa."

Akaenda kwa afisa. Asmahani akamwambia bango litaondoka siku pumba zitakapoondoka, akamkaribisha chai. Mahona akaielewa sehemu ya kwanza tu. Ijumaa, wakati mji uko msikitini, vijana wake wa kubeba magunia walizoa nusu ya kilima chake wakaimwaga kwa Mama Kashindye. Jumapili, wakati mji uko kanisani, za Mama Kashindye zikavuka kurudi, na nyongeza juu yake. Ikawa ndiyo kazi. Mpunga ulingoja foleni huku pumba zikivushwa barabara kwa zamu, na askari wa barabarani aliyekuwa akipita alilazimika kuzisimamishia lori.

Mwishowe Mahona akamshitaki shemeji yake kwa Asmahani. Kikao kikafanyika nje, baina ya vilima viwili, na mji wote ukaja. Hata Festo alipanda kutoka bondeni, akasimama nyuma na fimbo yake ya ng'ombe.

"Mlalamikaji aeleze," Asmahani akasema.

"Huyu ananiletea pumba zake," Mahona akasema. "Nataka azichukue."

"Ni zake kweli, Mama?"

"Mimi nimerudisha tu alizoleta yeye. Zangu sijawahi kumpa mtu."

"Mzee, unatofautishaje?"

Mahona akainama, akachota mkono mmoja huku, mkono mmoja kule. Akanusa. "Pumba zangu mimi nazijua," akasema kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe. "Hata ukinifunga macho. Ukinichanganyia na za dunia nzima, mimi pumba zangu nitazitoa."

Watu walianza kucheka kutoka nyuma, kicheko kikaja mbele kama maji ya bomba lililopasuka. Mwalimu Erasmus aligeuka akashika mti. Sheikh Adinani alificha uso kwenye kanzu. Mama Kashindye, ambaye sijamwona akicheka tangu nimfahamu, aliketi chini kwenye kilima chake mwenyewe na machozi yakimtoka. Mahona alitazama huku na huku, akatazama mikono yake, na pole pole akaelewa alichokisema. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka pumba zikamwagika mikononi.

"Shemeji," Mama Kashindye akasema alipopata pumzi, "siku zote tulijua unazijua."

Asmahani peke yake hakucheka. Alisubiri mpaka kimya kikarudi, akasema, "Kwa kuwa mwenye mali ameitambua mali yake, aihifadhi. Na Mama vile vile." Kikao kikaisha.

Sitaki kudanganya kwamba walibadilika kwa sababu ya kicheko. Mahona aliahidi kujenga banda, na ahadi ikakaa kama zinavyokaa ahadi. Kilichomsukuma ni simu. Mwanamke mmoja wa Nzega, aitwaye Mwanne, mfyatua matofali, alikuwa kwenye basi mojawapo lililosimama. Watu wa misitu walikuwa wamewabana kuhusu kuni, naye alitafuta kitu cha kuchomea matofali. Alipofika kwao akaulizia namba ya Mahona, akapiga.

"Samahani, naongea na mwenye pumba?"

Mahona akakata.

Akapiga tena. "Mzee, nimeona bango. Nataka zile pumba zako."

Mahona akamwambia maneno ambayo sitayaandika, akakata. Mara ya tatu Mwanne alipanda lori akaja mwenyewe, akasimama mbele ya mashine akisema hatoki. Ilichukua chai na muda mpaka Mahona akaamini kwamba yule mama hakutumwa na mtu. Alitaka pumba, nyingi, kavu, zilizofungwa kwenye magunia. Zilizolowa mvua au kuchanganyika na mchanga hazitaki.

Banda lilijengwa wiki ile. Bomba liligeuzwa, likaingizwa ndani, na mlango ukawekwa kufuli, kwa kuwa Mahona sasa aliogopa kuibiwa pumba. Mama Kashindye aliona lori likipakia, akajenga banda refu zaidi na kuajiri mlinzi. Zile za vilimani, ambazo Mwanne hakuzitaka, vijana wa magunia walizizoa wakazifukia. Upepo wa Agosti ulipokuja ulikuta hakuna cha kubeba. Mwalimu Erasmus akaondoa magunia madirishani, na siku ya kwanza watoto wa darasa la nne walifundishwa kwa taabu, maana walikuwa wanatazamana.

Asmahani akaja na kibarua kung'oa mabango, kama alivyoahidi. La Mama Kashindye likang'oka, mwenyewe akilisindikiza kwa shangwe. La Mahona likazua mgogoro mpya.

"Hili halitoki," Mahona akasema, ameikumbatia nguzo.

"Mzee, ulilia litolewe."

"Wateja wananijua kwa hili. Ongeza namba ya simu tu hapo chini."

"Bango la halmashauri haliwekwi namba ya biashara."

"Basi halmashauri ijitoe. Mimi nibaki na pumba zangu."

Wakabishana mpaka jua likawa kali. Mwafaka ulikuwa kwamba nifute mstari wa chini, bango liwe mali yake binafsi, alilipie kibali kama bango lolote la biashara. Nilifuta. Lipo mpaka leo, PUMBA HIZI NI ZA MAHONA, na sasa analipaka rangi upya kila mwaka kabla hajapaka geti.

Asmahani alihamishiwa Nzega, kwenye viwanda vya pamba. Siku ya kuondoka Mahona alimfuata stendi na gunia la mchele begani, mchele wa daraja la kwanza, hauna hata punje iliyovunjika.

"Siwezi kupokea, mzee," Asmahani akasema. "Mimi ni mtumishi wa umma."

"Siandiki jina. Angalia, gunia jeupe."

"Najua. Hata hivyo siwezi."

"Nusu?"

"Hapana, mzee wangu."

Mahona hakujua aweke wapi uso wake, seuze gunia. Basi likaja, Asmahani akatupungia mkono dirishani, likavuka tuta likaenda. Mama Kashindye naye alikuwa amekuja kumuaga, amesimama na kuku ambaye pia amekataliwa. Wakatazamana.

"Shemeji, nishikie upande huo," Mahona akasema. "Mgongo umekwisha."

"Nikishika, kuku atashikwa na nani?"

"Mpe Majidi."

Nikampokea kuku. Wakabeba lile gunia wawili, mmoja huku mmoja kule, wakarudi mjini kando ya barabara. Mpaka wanapotea kwenye kona bado nilikuwa nawasikia. Mahona alikuwa anasema mkanda ule ulikuwa umekwisha kuchoka kabla hata haujakatika, na Mama Kashindye anamuuliza kwa nini hakusema hivyo miaka yote ile.